Mteja anataka lita elfu kumi: namna ya kuipindua kanuni ikupe kipimo cha tangi

Wateja wangu wengi huja na namba moja tu. "Fundi, nataka tangi la lita elfu kumi." Sasa lita elfu kumi huwezi kuzichora ardhini. Ardhini nachora duara, na ili nilichore lazima nijue kamba iwe na urefu gani kutoka kwenye kigingi. Ukutani napanga kozi, yaani mistari ya tofali, na lazima nijue niishie kozi ya ngapi. Mteja amenipa jawabu la mwisho, na mimi natakiwa nirudi nyuma nikatafute vipimo vitakavyolizaa.

Najenga matangi ya duara ya kuvunia maji ya mvua huku Dodoma vijijini, yale ya tofali za kuchoma tunayoyazungushia seng'enge kwa nje kabla ya kupiga plasta. Shule niliishia darasa la saba, na hesabu ninazotumia ni zile zile za darasa la saba: mzingo wa duara, eneo la duara, ujazo wa mcheduara. Watu wengi wanazikumbuka, ila wanazikumbuka upande mmoja. Mpe mtu nusukipenyo na kimo, atakupa ujazo. Mpe ujazo umdai kimo, ataanza kubahatisha: jaribu mita 2, jaribu mita 2 na nusu, hapana imezidi, punguza. Huko ni kupoteza muda, na ukibahatisha vibaya unapoteza saruji ya watu. Kanuni moja ukijua kuipindua inatosha kwa maswali yote.

Chukua karatasi na simu yoyote yenye kikokotoo, hata kitochi. Tutafanya tangi moja toka mwanzo.

Kanuni yenyewe ni hii:

U = π × n² × k

U ni ujazo, n ni nusukipenyo cha ndani, k ni kimo cha maji, na pai tutaichukua kuwa 3.14. Alama ya n² maana yake ni n mara n. Vipimo vyote viwe kwa mita. Ukifanya hivyo, ujazo utatoka kwa mita za ujazo, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hiyo lita elfu kumi za mteja, kabla ya kitu kingine chochote, naziandika 10.

Hapo kwenye mita pana mtego. Tepu zetu zina sentimita, na mtu akipima nusukipenyo akakuta sentimita 120, mkono wake unaandika 120. Kwa kuwa namba hiyo inazidishwa yenyewe kwa yenyewe, kosa nalo linazidishwa: ujazo utatoka mkubwa mara elfu kumi. Andika 1.2. Kama kipimo kimekuja kwa sentimita, kigeuze kiwe mita kabla hakijaingia kwenye kanuni.

Sasa kuipindua. Shuleni tuliimbishwa magazijuto: mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Huo ndio mpangilio wa kukokotoa kwenda mbele, na vipeo kama ile n² huja mara tu baada ya mabano. Kupindua kanuni ni kuirudia njia ile ile kinyumenyume, na kila tendo unalitendua kwa kinyume chake. Kilichojumlishwa unakitoa. Kilichotolewa unakijumlisha. Kilichozidishwa unakigawanya. Kilichopandishwa kipeo cha pili unakitafutia kipeuo cha pili. Ni kama kuvunja jukwaa la ujenzi: ubao uliofungwa mwisho ndio unaofunguliwa kwanza, na anayeanza na nguzo ya chini anajua kitakachompata.

Sharti lingine ni moja tu. Unachokifanya upande huu wa alama ya sawasawa, kifanye na upande ule.

Tuseme mteja wetu ni mama mmoja aliyekwisha kuchora duara lake mwenyewe kwa kijiti pembeni mwa nyumba. Nimelipima, kipenyo mita 2.4, maana yake n ni 1.2. Anataka kujua ukuta utafika wapi. Kinachotafutwa ni k. Naiangalia kanuni na kujiuliza swali moja: k imefanyiwa nini? Imezidishwa kwa π × n². Basi nagawanya pande zote mbili kwa π × n², na k inabaki peke yake:

k = U ÷ (π × n²)

Yale mabano si mapambo. Ukiingiza kwenye simu 10 ÷ 3.14 × 1.44 moja kwa moja, simu itagawanya kwanza halafu itazidisha, na itakuambia 4.59. Ukuta wa zaidi ya mita nne na nusu, mrefu kuliko nyumba. Mimi huanza na kilicho chini: 3.14 × 1.44 ni 4.52. Naandika pembeni. Kisha 10 ÷ 4.52 ni 2.21. Maji yatasimama mita 2.21.

Ila maji si ukuta. Koki haikai sakafuni kabisa, huwa naipandisha sentimita 10 ili tope linalotua chini lisitoke na maji ya kunywa. Na juu kuna bomba la kumwagia maji ya ziada, nalo linakaa sentimita 15 chini ya ukingo. Kwa hiyo sentimita 25 za ukuta hazihesabiki kama maji ya mteja. Tuziite p, yaani 0.25, na kuanzia hapa k iwe kimo cha ukuta mzima. Kanuni ya kweli ya tangi langu inakuwa:

U = π × n² × (k − p)

Hapa ndipo kinyumenyume kinapoanza kukusaidia. Kwenda mbele, mabano yanakuja kwanza: k inatolewa p, halafu ndipo kuzidisha. Kurudi nyuma, kuzidisha kunatenduliwa kwanza, mabano yanafunguliwa mwisho:

U ÷ (π × n²) = k − p

k = U ÷ (π × n²) + p

Yaani 2.21 + 0.25, sawa na mita 2.46.

Kijana mmoja saidia fundi wangu aliniuliza hapa, na swali lake lilikuwa zuri: "Fundi, si tungejumlisha tu hiyo robo mita mwanzoni, halafu tugawanye?" Tukaifanya ya kwake karatasini. 10 + 0.25 ni 10.25, gawanya kwa 4.52, inatoka 2.27. Upungufu wa sentimita 19. Kwenye duara lile, sentimita 19 ni zaidi ya lita 850 ambazo mama angezilipia na asizione. Nikamwonesha na sababu, ambayo mimi naitegemea kuliko magazijuto yenyewe: ile 10 ni mita za ujazo, ile 0.25 ni mita za urefu. Vitu hivyo havijumlishiki. Ukijikuta unajumlisha lita na sentimita, jua umefungua ubao usio wa mwisho. Baada ya kugawanya kwa eneo, 2.21 imekwisha kuwa mita za urefu, na hapo inapokea 0.25 bila ubishi.

Jawabu limepatikana, lakini mimi sikulikubali. Maji ya mita 2.21 kwenye ukuta wa tofali moja la kuchoma siyapendi. Msukumo wa maji chini ya tangi unategemea kina, upana hauna neno: kwa kila mita ya kina, kila mita ya mraba inabeba tani moja. Kwa mita 2 ni tani 2 kwenye kila mita ya mraba pale karibu na sakafu. Kwa matangi yangu mwisho ni hapo, maji mita 2, na seng'enge naikaza kwa kuisogeza karibu karibu chini kuliko juu. Kwa hiyo nikamwambia mama kwamba kimo nakifunga mimi, yeye aniongezee upana. Nafasi ilikuwepo.

Sasa kinachotafutwa kimegeuka. Kimo cha maji ni 2, U ni 10, na sijui n. Kanuni ni ile ile ya kwanza, ambamo k ni kimo cha maji tu. n imefanyiwa nini? Imepandishwa kipeo cha pili, halafu ikazidishwa kwa π na kwa k. Kurudi nyuma: kwanza gawanya, kisha tafuta kipeuo.

n² = U ÷ (π × k)

n = √(U ÷ (π × k))

Chini ni 3.14 × 2, sawa na 6.28. Kisha 10 ÷ 6.28 ni 1.592. Hiyo ni n², bado si n. Wengi huishia hapo wakavuta kamba ya mita 1.59, na tangi linakuwa la karibu lita elfu kumi na sita. Tafuta namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inatoa 1.592.

Simu yako kama ina alama ya √, bonyeza. Simu nyingi za kugusa huificha mpaka uilaze simu. Kama ni kitochi kisicho nayo, ipo njia ya mkono ambayo naipenda sana kwa sababu haina siri ndani yake. Kisia namba. Nakisia 1.3. Gawanya 1.592 kwa 1.3, inatoka 1.225. Kama kisio langu lingekuwa sahihi, jawabu lingekuwa 1.3 tena. Halikuwa, kwa hiyo ukweli uko katikati ya 1.3 na 1.225. Zijumlishe, gawanya kwa mbili: 1.262. Rudia: 1.592 ÷ 1.262 ni 1.261. Zimekutana. Mara mbili tu, na umepata kipeuo kwa usahihi ambao tepu yako haiwezi hata kuupima. n ni mita 1.26.

Kabla ya kwenda kwa kigingi, rudisha jawabu kwenye kanuni ya mwanzo: 3.14 × 1.26 × 1.26 × 2. Inatoka 9.97. Ni ile 10, pungufu ya makombo ya desimali tulizozikata. Mimi sitoboi ardhi kabla ya kurudisha jawabu, hata kama hesabu nimeifanya mara nyingi, kwa sababu msingi wa zege ukishamwagwa haupinduliki.

Utaona kwamba kila mara napindua herufi kwanza, namba naziingiza mwisho. Ningeweza kuingiza namba mapema, na jawabu lingekuwa lile lile. Lakini mteja hubadili mawazo. Leo elfu kumi, kesho shemeji yake amemwambia elfu kumi na tano ndiyo nzuri. Ukiwa na mstari wa n = √(U ÷ (π × k)) kwenye daftari, unabadili U tu. Ukiwa umechanganya na namba, unaanza upya toka juu.

Tofali lisilokatwa

Karatasi imesema 1.26, ila tofali nalo lina urefu wake. Mimi sipendi kozi inayoisha kwa kipande cha tofali. Kipande ni kiungo cha ziada, na kiungo ndipo maji yanapojaribu kupita. Kwa hiyo natafuta n ambayo itafanya kila kozi iingie tofali nzima nzima.

Tofali zetu hazina kipimo cha serikali. Kila tanuri na kibao chake. Hizi za kazi hii nilizipanga kumi kumi chini nikapima: urefu sentimita 22, upana 11, kimo 7. Kiungo cha saruji nakiacha sentimita 2. Basi kila tofali linakula sentimita 24 za mzingo, na kila kozi inapanda sentimita 9.

Mzingo upi lakini? Ukuta una uso wa ndani, uso wa nje, na katikati. Tofali nyoofu ukilizungusha kwenye duara, viungo vinabanana ndani na vinapanuka nje, kwa hiyo kipimo cha haki ni mstari wa katikati ya tofali. Toka katikati ya tangi mpaka mstari huo ni n, ongeza plasta ya ndani sentimita 3, ongeza nusu ya upana wa tofali sentimita 5.5. Jumla ni n + 0.085. Tofali za kozi moja tuziite T:

T × 0.24 = 2 × π × (n + 0.085)

Kwa n ya 1.26 upande wa kulia ni 2 × 3.14 × 1.345, yaani 8.45. Gawanya kwa 0.24: tofali 35.2. Hiyo 0.2 ndiyo kipande nisichokitaka. Ninaamua T mwenyewe, iwe 35 au 36, na kanuni inipe n. Kinyumenyume tena: gawanya kwa 2 × π kwanza, halafu mabano yafunguke kwa kutoa 0.085.

n = T × 0.24 ÷ (2 × π) − 0.085

Kwa tofali 35: 8.40 ÷ 6.28 ni 1.338, toa 0.085, inabaki 1.25. Ujazo wake kwa maji ya mita 2 ni lita 9,800 na kitu. Kwa tofali 36: 8.64 ÷ 6.28 ni 1.376, toa 0.085, inabaki 1.29. Ujazo wake ni 3.14 × 1.29 × 1.29 × 2, sawa na 10.45, yaani lita 10,450.

Nilichagua 36. Mama aliomba elfu kumi, simpi tisa na ushei nikamwambia ni zile zile. Tofauti ya gharama ni tofali moja kila kozi. Ukuta wa mita 2.25, yaani maji mita 2 na ile robo ya koki na bomba, ukigawanya kwa 0.09 unapata kozi 25 kamili. Tofali 36 mara 25 ni 900, na ninaagiza 950 kwa sababu zingine huvunjika njiani na zingine hazikuiva vizuri. Kamba ya kuchorea toka kwenye kigingi mpaka uso wa ndani wa tofali ni 1.29 na plasta 0.03, jumla mita 1.32. Kamba isiwe ya katani wala ya nailoni inayovutika. Tumia waya mwembamba, au ubao uliotobolewa matundu mawili.

Tangi lililokwisha kujengwa

Mara nyingine unaitwa kwenye tangi la zamani. Mwenyewe anataka kujua linaingia lita ngapi, fundi aliyelijenga hayupo, na ndani kuna maji kwa hiyo hakuna wa kuingia kupima kipenyo. Unachoweza kukipata ni mzingo wa nje: unazungusha tepu kiunoni mwa tangi, mtu mmoja akiishika upande wa pili isilegee.

Mzingo ni M = 2 × π × n. n imezidishwa kwa 2 na kwa π, kwa hiyo

n = M ÷ (2 × π)

Tuseme tepu imesoma mita 8.80. Gawanya kwa 6.28, ni 1.40. Sasa usikimbilie kwenye ujazo. Hiyo ni nusukipenyo cha nje, na maji hayakai ndani ya ukuta. Fungua mfuniko, pima unene wa ukuta pale kwenye tundu ukijumlisha plasta zote mbili. Ukikuta sentimita 15, n ya maji ni 1.40 − 0.15, yaani 1.25.

Sentimita 15 zinaonekana ndogo mbele ya tangi kubwa vile. Zikokotoe uone. Kwa maji ya mita 2, ukitumia 1.40 unapata lita 12,300. Ukitumia 1.25 unapata lita 9,800. Tofauti ni lita 2,500, ndoo 125 za lita ishirini. Nimewahi kuitwa mahali ambapo familia ilikuwa inamtafuta mwizi wa maji, kumbe tangi lao halikuwahi kuingia lita walizoandikiwa ukutani kwa rangi. Aliyeandika alipima kwa nje.

Ukiwa hapo hapo, wafanyie jambo moja la ziada. Ujazo ukiugawanya kwa kimo unabaki na π × n², eneo la sakafu. Kwa tangi hili ni 3.14 × 1.25 × 1.25, sawa na mita za mraba 4.9. Maana yake kila mita ya maji ni lita 4,900, na kila sentimita ni lita 49, karibu ndoo mbili na nusu. Mpe mwenye tangi ufito mnyoofu uliopigwa alama kila sentimita 10, atumbukize kila Jumapili. Alama moja ikishuka, lita 490 zimetumika. Hahitaji tena fundi wa kumwambia amebaki na maji kiasi gani.

Mvua, paa na watu

Hili huwa nalisema kwa mteja mapema kabisa, kabla ya kununua hata tofali moja, ila kulieleza ni rahisi zaidi ukiwa umekwisha kuzoea kupindua. Tangi la lita 10,450 litajazwa na nini?

Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Hiyo ndiyo sababu kipimo cha mvua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye bati, maji yanayofika tangini huchukuliwa kuwa sehemu nane ya kumi: mengine yanarukia nje, mengine yanapotea kwenye gata, mengine ni yale ya mvua ya kwanza tunayoyamwaga ili yaoshe vumbi. Kwa hiyo:

U = E × V × 0.8

E ni eneo la paa kwa mita za mraba, V ni mvua kwa milimita, na safari hii U inatoka kwa lita, si kwa mita za ujazo. Eneo la paa lipime chini, ukifuata kivuli cha paa pamoja na vibaraza vyake. Usipande juu ukapima bati. Bati limeinama, na mvua hailipi mwinamo. Nyumba ya mama ina kivuli cha mita 8 kwa 6, eneo 48. Kila upande wa bati una urefu wa mita 3.3 badala ya 3, kwa hiyo aliyepima juu angepata 52.8 na kumwahidi maji yasiyokuwepo.

Swali la kwanza: inahitajika mvua kiasi gani kujaza? Tenga V.

V = U ÷ (E × 0.8)

48 × 0.8 ni 38.4. Kisha 10,450 ÷ 38.4 ni milimita 272. Dodoma mjini wastani wa mwaka ni kama milimita 570, karibu yote ikianguka kati ya Desemba na Aprili. Tangi litajaa, na litajaa tena kama maji yatatumika katikati ya masika yetu.

Swali la pili ni la watu, nalo ndilo linalomgusa mama. Kanuni yake ni nyepesi: U = w × s × l, ambapo w ni watu, s ni siku, l ni lita za kila mtu kwa siku. Nyumbani wapo sita. Kiangazi toka Mei mpaka Novemba ni siku 214. Tenga l:

l = U ÷ (w × s)

6 × 214 ni 1,284, na 10,450 ÷ 1,284 ni lita 8 na kidogo. Hayo ni maji ya kunywa na kupikia, ya kuogea na kufulia hayamo. Nilimwambia hivyo hivyo, asije akadhani amemaliza safari za kisimani. Akaniuliza, "Na nikitaka kila mtu apate ndoo nzima?" Lita 20 kwa watu sita kwa siku 214 ni lita 25,680. Hapo swali linageuka kuwa la paa, tunatenga E:

E = U ÷ (V × 0.8)

570 × 0.8 ni 456, na 25,680 ÷ 456 ni mita za mraba 56. Ana 48. Hata ningemjengea matangi mawili makubwa kwa mwaka wa wastani, paa lake halitoshi kuyajaza. Mwaka mbaya ni mgumu zaidi. Weka V iwe 400 uone: 25,680 ÷ 320 ni mita za mraba 80. Na paa lake la 48 kwa mwaka kama huo linatoa 48 × 400 × 0.8, yaani lita 15,360 tu.

Kwa hiyo nilimshauri tangi la lita 10,450 lijengwe sasa, kwa kuwa hata milimita 400 zinalijaza. Fedha aliyotaka kuiweka kwenye tangi la pili aipeleke kwanza kwenye bati la jiko, ambalo mpaka sasa limeezekwa kwa nyasi. Jiko lina mita 4 kwa 3. Likiezekwa na kuwekewa gata, E inakuwa 60, na hapo tutakaa tena na karatasi kuona tangi la pili liwe la kipimo gani.